Usichague Kombi kwa Jina Lake

Mwalimu shikamoo. Mwanangu kafaulu vizuri kidato cha nne. Kombi gani ndiyo nzuri? (Mzazi, Songea)

Marahaba. Swali hili naletewa kila matokeo yakitoka, na jibu ni lile lile: hakuna kombi nzuri. Kombi, au tahasusi, ni masomo matatu makuu tu ya kidato cha tano na sita. Kuna kozi anayoitaka mtoto, na kuna masomo ambayo kozi hiyo inayadai. Fungueni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), upo mtandaoni, msome sifa za kozi, ndipo mrudi kwenye kombi. Tangu 2024 tahasusi zimefika 65, hivyo kubahatisha kumezidi kuwa hatari. Tena ulizeni kama shule mnayoilenga ina mwalimu wa Fizikia na maabara yenye vifaa. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) bila mwalimu ni jina tu.

Nasoma CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), nataka udaktari wa binadamu. Nikipata A tatu watanikataa? (Fomu Faivu, Tabora)

Watakukataa. Binti mmoja alinijia nyumbani na karatasi ya matokeo aliyoikunja mara nne: Baiolojia A, Kemia B, Jiografia A. Divisheni one ya pointi 4. Nikafungua mwongozo, nikaweka kidole kwenye mstari wa kozi, akasoma mwenyewe: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Akarudia kwa sauti, kisha akanyamaza. Shuleni kwao waliambiwa CBG ni "PCB nyepesi", PCB ikiwa ndiyo hiyo Fizikia, Kemia na Baiolojia. Walimu wenzangu, tuache kusema hivyo. Mtoto anapoteza miaka miwili kwa neno tulilolitamka tukipita mlangoni.

Wewe bado uko Faivu. Nenda kwa mkuu wa shule wiki hii hii, uombe kuhamia PCB kabla hujaachwa mbali na Fizikia. Ikishindikana, CBG inakupeleka kwenye kilimo, misitu na mazingira, kozi zenye heshima yake.

Nina divisheni two ya pointi 12. TCU wanataka 4 tu, si nimepita mbali? (Mhitimu, Mbeya)

Unachanganya hesabu mbili. Za NECTA (Baraza la Mitihani), A ni 1 na E ni 5, kwa hiyo pointi chache ndizo bora. Za udahili zinageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Tuseme una Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E. Kwa NECTA hiyo ni 12, kwa udahili ni 6. Halafu zile 4 ni kima cha chini, zinatoka kwenye masomo mawili ambayo kozi yenyewe inayataja, si mawili unayoyapenda. Kozi nyingi zinadai zaidi, na penye ushindani hata aliyetimiza sifa anaachwa.

General Studies inahesabika kwenye pointi za chuo?

Hapana.

Na BAM (hisabati tumizi ya msingi)?

Hapana, ila usiidharau. Zipo kozi zinazoitazama hisabati yako hata kama si somo lako kuu.

Nimemaliza HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), sasa nataka uhandisi. Nirisiti PCM kama mtahiniwa wa kujitegemea? (Mhitimu, Dodoma)

Sikushauri. Fizikia na Kemia zina mtihani wa vitendo, na huwezi kuufanyia mazoezi chumbani. Kama kidato cha nne ulifaulu hisabati na sayansi, omba stashahada ya uhandisi kwenye chuo cha ufundi. Ukitoka na GPA ya 3.0 au zaidi, unaomba shahada kwa sifa linganifu. Njia ni ndefu, lakini utafika ukiwa umeshika mashine kwa mikono yako.

Nina prinsipo moja (ufaulu wa A hadi E) na S moja (ufaulu mdogo, chini ya E). Kuna mtu anataka laki tatu aniingize chuo kikuu. (Mhitimu, Mwanza)

Usimpe hata shilingi. Maombi unatuma mwenyewe chuoni, na jina lako lazima lipite TCU. Kwa matokeo hayo omba stashahada. Hiyo laki tatu ianzie ada.