Kwa Nini Bandari ya Ujiji Ilipitwa na Kigoma?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezaliwa Ujiji na sasa naishi Dodoma. Shuleni tulifundishwa kwamba Ujiji ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Ziwa Tanganyika, lakini mahali Stanley alipokutana na Livingstone pako mbali na maji, na meli kubwa hutia nanga Kigoma. Je, ziwa lilihama? Na gati jipya litairudishia Ujiji hadhi yake?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, ziwa halikuhama, bali lilishuka. Mto Lukuga, ambao ndio pekee unaotoa maji ya Tanganyika kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na mimea kwa miaka mingi, hivyo maji yakaendelea kupanda hadi yalipovunja kizuizi hicho mnamo 1878. Katika miaka 15 hivi iliyofuata, kina kilipungua kwa takriban mita 10. Kwa kuwa ufuko wa Ujiji ni tambarare, maji yaliposhuka yaliacha nchi kavu pana. Stanley alipofika 1871, ziwa lilikuwa karibu zaidi na nyumba kuliko unavyoliona leo.

Enzi hizo Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, waliikuta tayari na soko mwaka 1858. Pembe za ndovu zilivushwa hapo kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na watu waliotekwa pia, jambo ambalo simulizi za watalii hulitaja kwa haraka mno ilhali wazao wa Wamanyema ni sehemu kubwa ya mji wenyewe.

Kilichoiondolea Ujiji ukuu wake ni reli. Wajerumani walihitaji maji ya kina na ghuba iliyokingwa na mawimbi, wakavipata Kigoma, mwendo wa kilomita chache tu kaskazini, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika huko mwaka 1914. Mwaka uliofuata meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ilishushwa majini Kigoma; ndiyo MV Liemba ya leo.

Kuhusu gati, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania imejenga miundombinu Ujiji na Kibirizi, jirani na Kigoma, katika miaka ya karibuni, na mimi naiunga mkono kazi hiyo kwa dhati. Hata hivyo, sitarajii Ujiji ishindane na Kigoma, wala haina haja. Tegemeo lake ni maboti ya mbao yanayobeba abiria, mawese, dagaa na migebuka kati ya vijiji vya mwambao, na hayo ndiyo yanayostahili kupewa nafasi ya kwanza. Nina hofu mbili. Ya kwanza ni ziwa lenyewe, kwani kati ya 2020 na 2021 maji yalipanda tena yakafunika nyumba na mialo, na gati lililopimwa kwa kina cha mwaka mmoja huenda lisifae mwaka unaofuata. Ya pili ni uzio wa kuzungushia gati: ukiwekwa bila kuwauliza wenye maboti na akina mama wanaoanika dagaa ni wapi wanapakulia maji yakijaa, na ni wapi yakipungua, watasukumwa kwenye fukwe zisizo na huduma yoyote, na gati litabaki bila mizigo.