Kabla ya Kumuumba Mpelelezi, Tafuta wa Kumsimulia

Wengi wanaonitumia rasimu za hadithi za upelelezi huanza na mpelelezi mwenyewe. Ana akili kupita kiasi, hana mke, halali usiku, amevaa koti refu jeusi katikati ya joto la Dar es Salaam, na ndiye anayesimulia hadithi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Koti si shida sana. Hapo kwenye kusimulia ndipo huwasimamisha. Huwaambia wamwondoe kwenye nafasi ya "mimi", wamtafute mtu mwingine wa kukaa karibu naye na kutusimulia. Wakiniuliza kwa nini, namrudia Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa hadithi za Kiingereza.

Mwandishi Arthur Conan Doyle alimtunga Holmes akiwa daktari kijana huko Southsea, Portsmouth, Uingereza. Akili ile hakuiokota hewani. Aliposomea udaktari Edinburgh, mmoja wa walimu wake alikuwa Joseph Bell, daktari wa upasuaji aliyeweza kumsoma mgonjwa kabla hajaeleza kinachomsumbua. Doyle alisimulia jinsi Bell alivyoletewa mtu asiyemjua, akamwambia palepale kuwa alikuwa askari, ameacha jeshi si zamani, alikuwa na cheo kidogo, na kituo chake kilikuwa Barbados. Mgonjwa akakubali yote. Wanafunzi wameduwaa, Bell akawafafanulia. Mtu huyu ana adabu, lakini hakuvua kofia, kwa kuwa jeshini hawavui. Angekaa uraiani muda mrefu angeshazoea. Ana namna ya mtu aliyezoea kuamuru wenzake. Na Barbados? Ugonjwa uliomleta ni matende, na matende mtu hayapati Uingereza, huyapata visiwa vya Karibi.

Angalia mpangilio wa tukio hilo. Jibu limetangulia, ukafuata mshangao, maelezo yakaja mwisho. Mshangao unahitaji mtu wa kushangaa. Bell alikuwa na darasa zima. Holmes akapewa Watson, rafiki yake anayetusimulia hadithi zake.

Katika riwaya ya kwanza ya Holmes, iliyotoka mwaka 1887, wawili hao wanakutana kwenye maabara ya hospitali London. Holmes anampa mkono, kisha anamwambia anaona ametoka Afghanistan. Basi, anarudi kwenye kemikali zake. Watson anaondoka na swali hilo kichwani, nasi tunaondoka nalo, na tunalibeba mpaka sura inayofuata ndipo tunaelezwa: huyu ni tabibu mwenye mwendo wa kijeshi, uso umeungua jua lakini viganja vinapoishia ngozi ni nyeupe, amekonda kwa maradhi, mkono wa kushoto anaushika kwa ugumu. Sasa iandike sehemu hiyo Holmes akiwa "mimi". Itabidi aseme alichokiona wakati anakiona, na ukishasema umemaliza kila kitu. Ukimfanya anyamaze, msomaji atahisi anafichwa, na atakuwa na haki.

Doyle mwenyewe alijaribu njia hiyo mwaka 1926, akaandika hadithi mbili ambazo Holmes anasimulia bila Watson. Ni hadithi nyepesi ukilinganisha na zile kubwa, na katika moja Holmes anakiri kwamba akishashika kalamu analazimika kupanga mambo yamvutie msomaji, jambo ambalo siku zote alikuwa akimlaumu Watson kwalo.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza kwa namna nyingine: wanamweka msimulizi, halafu wanamfanya mjinga. Watson si mjinga. Ni daktari, amepigana vita, ana jeraha na bastola yake. Anaviona vyote anavyoviona Holmes, ila haviunganishi. Kuna mahali Holmes anamuuliza ngazi za nyumba yao ya Baker Street, alizozipanda mara mamia, zina vidato vingapi. Watson hajui. Ni 17. Nani kati yetu anajua idadi ya vidato vya ngazi anazozipanda kila siku? Kwa hiyo aibu ya Watson inakuwa yetu, na tunaendelea kusoma tukitaka safari ijayo tuwahi sisi.

Kwenye hadithi zangu anayesimulia ni kijana wa bodaboda anayemzungusha askari mstaafu. Nilimpa mkopo wa pikipiki anaotakiwa kuulipa kila wiki, na hilo limenisaidia kuliko fumbo lolote nililowahi kulitunga. Wasomaji huniuliza habari za mkopo wake hata mzee anapokuwa amemnasa muuaji. Mpe msimulizi wako kazi na shida zake mwenyewe.

Tunaosoma Kiswahili tulishaonyeshwa njia hii kitambo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko na rafiki, Najum, na kivuli cha Holmes na Watson kinaonekana wazi. Lakini alipowaweka kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, watu wao, imani zao na mazungumzo yao yalikuwa ya Unguja. Ukiazima, azima kama yeye: chukua ule uhusiano wa watu wawili, koti liache London.

Kwa wanaoandika mfululizo kwenye makundi ya WhatsApp, kuna jambo moja zaidi. Doyle aliona kwamba hadithi ndefu ya "itaendelea" humpoteza msomaji aliyekosa toleo moja. Kuanzia Julai 1891, katika jarida la The Strand, akawa anatoa hadithi fupi, kila moja inaishia palepale, wahusika wakiwa walewale. Aliyekosa ya mwezi uliopita hakupotea. Mimi hufanya hivyo kila wiki, na watu wapya wanaingia hata kwenye hadithi ya ishirini bila kuuliza mwanzo uko wapi.

Na haki zako zilinde. Riwaya ile ya kwanza Doyle aliiuza moja kwa moja kwa pauni 25, haki zote, hakupata tena senti kutoka kwenye kitabu hicho. Mchapishaji akikuletea mkataba, soma kipengele cha hati miliki kabla ya kile cha malipo. Muulize kama anachukua kitabu kimoja au anachukua na wahusika, kwa muda gani, na kama filamu na usomaji wa sauti vimo. Asipotaka kuyaandika hayo, usitie saini.