Kreatinini ikipanda, usikimbilie sindano

Wengi mnaoanza kazi kliniki ya waliopandikizwa figo mnakuja na hofu moja mliyofundishwa chuoni: mwili kuikataa figo mpya. Ni hofu ya haki. Lakini yupo adui mwingine anayepandisha kreatinini (taka ya damu ambayo figo ikidhoofu hushindwa kuichuja) vilevile, na matibabu ya yule wa kwanza humpa nguvu huyu wa pili.

Anaitwa kirusi cha BK, kwa herufi za jina la Msudani aliyekuwa amepandikizwa figo. Kilikutwa kwenye mkojo wake huko London na kutangazwa mwaka 1971. Karibu sote tulikipata utotoni bila kujua, kikajificha kwenye figo na njia ya mkojo, kinga ikakidhibiti. Sasa sisi wenyewe tunaishusha kinga hiyo kwa dawa za takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni ili figo ya ndugu ipokelewe. Kirusi kinaamka.

Huanza kwenye mkojo, kikaingia kwenye damu, ndipo kikaitafuna figo. Kwa hiyo muda wa kukiwahi upo, mradi msingoje dalili. Homa hakuna, maumivu hakuna, mkojo unatoka vizuri, mgonjwa anaingia kliniki anatania manesi. Pimeni wingi wa virusi kwenye damu kila mwezi kwa miezi 6 hadi 9 ya kwanza, halafu kila miezi 3 mpaka miaka 2 itimie. Najua kipimo ni ghali na baadhi ya vituo hupima kreatinini ikishapanda tu. Sikubaliani na ubanaji huo, maana kovu kwenye figo halifutiki. Mahali ambapo fedha hazitoshi kabisa, mkojo uangaliwe kwa darubini: zikikosekana zile seli zilizovimba kiini kwa virusi, uwezekano wa figo kuwa imeshambuliwa ni mdogo. Zikionekana, bado hujathibitisha lolote. Tafuta kipimo cha damu.

Biopsi, yaani kinyama cha figo kinachotolewa kuchunguzwa, nayo isomwe kwa akili. Kirusi hiki hushambulia hapa kikaacha pale, hasa kwenye medula, sehemu ya ndani ya figo, kwa hiyo kinyama kimoja kikirudi safi hakimalizi mjadala. Omba vipande viwili, medula iwemo, na maabara wapake rangi ya SV40, inayoonyesha kirusi kwenye seli. Bila rangi hiyo, uvimbe wa BK na uvimbe wa figo kukataliwa hufanana sana, na hapo ndipo mtu anapoandika methylprednisolone ya mshipa, ile sindano ya kutibu figo kukataliwa inayoshusha kinga zaidi, kwa mgonjwa aliyestahili kupunguziwa dawa.

Naam, kupunguziwa. Hakuna dawa ya kirusi hiki iliyothibitika; levofloksasini, ambayo ni antibiotiki, ilijaribiwa, haikusaidia. Virusi vikizidi 10,000 kwa mililita ya damu, tunachukulia kwamba figo imeshaguswa hata kreatinini ikiwa tulivu. Vituo vingine huanza kwa kukata maikofenoleti nusu, vingine hushusha takrolimasi kwanza. Fuata utaratibu wa bingwa wako, kisha rudia vipimo kila baada ya wiki mbili hivi, kreatinini ikiwemo, kwa kuwa ukipunguza mno figo inaweza kukataliwa kweli.

Kazi ngumu kuliko zote ni mazungumzo. Mgonjwa atakuuliza: “Daktari, juzi mlinikataza kukosa hata kidonge kimoja, leo mnanipunguzia?” Pembeni ameketi dada yake aliyemtolea figo, naye anakutazama. Usimjibu kwa haraka. Waeleze wote wawili, andika dozi mpya kwenye karatasi, mwambie airudie kwa mdomo wake, na umwonye asijipunguzie zaidi akiwa nyumbani.

Kabla hujagusa dozi ya takrolimasi, muulize kama alimeza kidonge cha asubuhi kabla ya kutolewa damu. Kama alimeza, kiwango cha dawa kwenye damu ulichonacho hakifai, maana hupimwa kabla ya dozi. Muulize pia alinunua nini duka la dawa. Flukonazoli ya fangasi au erithromaisini ya kifua hupandisha takrolimasi, na huenda kinga imeshuka kupita kiasi kwa sababu hiyo tu.