Data za mvua kwa utafiti wa mikorosho
Umeuliza kama unaweza kutumia data za mvua za CHIRPS kwenye utafiti wako wa mikorosho: ruksa, hata kama wewe ni mtu wa mimea na si wa hali ya hewa. Data hizi, yaani makadirio ya mvua yanayounganisha picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, ni bure, zinaanzia 1981, ila taja chanzo. Mimi nimezioanisha na daftari letu la kupulizia mikorosho salfa (dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) kule Newala. Angalizo: kila kisanduku cha ramani ni kama kilomita 5, kwa hiyo mvua iliyonyesha kwa jirani ikakuruka wewe inaweza kuhesabiwa yako. Tena ubwiriunga unafuata zaidi unyevu na ubaridi wa asubuhi, mvua peke yake haitoshi. Na tarehe andika mwaka-mwezi-siku. 03/07 yangu ilisomeka Machi, wakati ile ni salfa ya Julai!