Angalia kifuniko kwanza

Dadangu, umeuliza kwa nini achari yako ya embe imeota ukungu na chupa uliichemsha. Mimi nashuku kifuniko. Chumvi na siki hula bati. Kikishashika kutu usikirudie, na ule mpira wa ndani ukishabonyea haushiki tena. Halafu pitisha kidole polepole kwenye mdomo wa chupa. Ukihisi pengo, hata dogo, chupa hiyo usiitilie achari, itilie vitu vikavu kama pilipili manga. Achari itie ingali moto, chupa nayo iwe moto isije ikapasuka, uache nusu inchi juu, ufute mdomo, ufunge. Ikishapoa bonyeza kifuniko katikati: kikibonyea na kurudi juu, hakijashika, basi iweke kwenye friji muile mwanzo. Kwa joto letu hili la Mombasa, usiiache mezani.