Uraia wa Lithuania kupitia babu: kwanza jua aliondoka mwaka gani

Mkuu, umeuliza kama baba yake bibi yako, Myahudi aliyezaliwa Lithuania akaingia Kenya kupitia Afrika Kusini, anaweza kukufungulia mlango wa uraia wa Lithuania, na kama umlipe wakala anayetaka pesa ya kuanzia. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Johannesburg. Babu mzaa baba wa mume wangu alitoka mji wa Rokiškis, Lithuania, na faili la familia nililishughulikia mimi kwa sababu mwenzangu akiona fomu anapata usingizi. Nakujibu kwa niliyoyaona humo.

Inawezekana. Ila usimlipe mtu hata shilingi kabla hujajua mzee aliondoka Lithuania mwaka gani, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Lithuania ilitangaza uhuru wake tarehe 16 Februari 1918. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Urusi ya Tsar, kwa hiyo uraia wake haukuwepo. Nyinyi wa Nairobi mnalijua jina la Abraham Block, yule wa hoteli ya Norfolk. Alizaliwa Lithuania na alifika Kenya mwaka 1903. Mtu aliyehama miaka hiyo aliondoka akiwa raia wa Tsar, na kama hakuwahi kuchukua uraia wa jamhuri baadaye, wajukuu zake hawana cha kurejeshewa. Kuna utaratibu mwingine wa cheti cha asili ya Kilithuania, lakini huo ni wa Walithuania wa kabila.

Sheria inamtafuta aliyekuwa raia kabla ya tarehe 15 Juni 1940, siku jeshi la Kisovieti lilipoingia. Anayeweza kuomba ni yeye mwenyewe, mtoto wake, mjukuu na kitukuu. Wewe ni kitukuu, kwa hiyo umo, ila umesimama ukingoni. Nitalirudia hilo mwishoni.

Habari inayokupa matumaini ni hii. Marekani ilibana uhamiaji mwaka 1924, na Wayahudi wengi wa Lithuania wakaelekea Afrika Kusini mpaka Afrika Kusini nayo ilipofunga mlango kwa sheria ya 1930. Aliyesafiri katikati ya hapo kwa kawaida alikuwa na pasi ya Lithuania mkononi. Kama mzee wenu alipita Cape Town miaka ya 1920, una pa kuanzia.

Mtego mmoja: jua pia alitoka upande gani. Tangu 1920 hadi 1939 Vilnius na viunga vyake vilikuwa chini ya Poland, na mji mkuu wa muda wa Lithuania ulikuwa Kaunas. Mtu aliyeondoka Vilnius mwaka 1932 yaelekea alikuwa na pasi ya Poland. Familia nyingi husema tu "Vilna", yaani Vilnius, kwa sababu ndilo jina wanalolikumbuka, kumbe kijiji chao kilikuwa upande wa Kaunas. Usikate tamaa kwa neno hilo, wala usilishangilie.

Sasa karatasi, ndiko kazi ilipo.

Anzia nyumbani. Pasi ya zamani ikipatikana, umemaliza nusu ya safari. Sisi hatukuwa nayo. Kilichotusaidia ni faili la uraia wa tajnisi wa babu, ambalo lilikuwa kwenye nyaraka za taifa Pretoria. Mgeni alipoomba uraia alitakiwa kueleza alizaliwa wapi, lini, na alikuwa raia wa nchi gani. Mle ndani tulikuta jina la mji, tarehe na neno "Lithuanian". Mzee wako kama alichukua uraia wa Kiingereza Afrika Kusini au Kenya, tafuta faili la namna hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Lina thamani kuliko picha zote za kwenye albamu.

Ukiwa na jina, mji na mwaka, ndipo unaandikia nyaraka za Lithuania. Za kipindi cha jamhuri ziko Nyaraka Kuu za Taifa mjini Vilnius. Za kabla ya 1918, pamoja na vitabu vya marabi vya vizazi na ndoa, ziko Nyaraka za Historia, mji huohuo. Kaunas kuna hazina nyingine, maombi ya pasi za ndani, yaani vitambulisho vya kutumia ndani ya nchi. Lithuania ilizitoa kwa watu wazima kuanzia mwaka 1919, na mafaili mengi yana picha. Kikundi cha LitvakSIG, cha watafiti wa koo za Wayahudi wa Lithuania, kimezitafsiri orodha nyingi za pasi hizo na kuziweka mtandaoni. Tafuta humo kwanza, kisha peleka ombi rasmi nyaraka wakupe nakala yenye muhuri, kwa sababu ulichochapisha kutoka mtandaoni hakitakusaidia.

Majina yatakutesa. Tuseme ukoo ni Kaplan. Kwenye karatasi za Lithuania mwanamume ataandikwa Kaplanas, mkewe Kaplanienė, binti asiyeolewa Kaplanaitė. Hirsh akifika huku anakuwa Harry. Miji nayo ina majina mawili: Rakishok ya wazee ni Rokiškis, Ponevezh ni Panevėžys, Vilkomir ni Ukmergė. Ukikwama, nenda makaburini. Kaburi la Kiyahudi kwa desturi huandikwa kwa Kiebrania jina la baba wa marehemu, na jina hilo ndilo litakalokutofautishia Kaplan wako na akina Kaplan wengine wa mji uleule. Herufi zikigoma kabisa kulingana, mahakama ya Lithuania inaweza kuombwa ithibitishe kuwa ni mtu mmoja, lakini hapo ndipo utahitaji wakili kweli.

Halafu kuna mnyororo wa undugu: cheti cha kuzaliwa cha bibi, cha mzazi wako, chako, na vyeti vya ndoa pale jina lilipobadilika. Nakuuliza kama dada yako, usiudhike: jina la mzee limo kwenye cheti cha bibi? Afrika Mashariki watoto wengi wa wazungu kwa mama wa Kiafrika waliandikishwa bila jina la baba, au hawakuandikishwa kabisa. Watu wote wa mtaani wanaweza kumjua baba, ila ofisi ya uhamiaji inataka hati. Kama cheti hakina jina, shughulikia hilo huko Kenya kwanza na mwanasheria wa familia. Mengine yote yasubiri.

Vyeti vya Afrika Kusini tuliviwekea apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati ili itambulike nje ya nchi, kwa kuwa nchi imo kwenye mkataba wa Hague wa 1961. Hati ya nchi isiyomo hupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Kisha vyote vitafsiriwe Kilithuania. Ombi lenyewe linapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa MIGRIS wa Idara ya Uhamiaji ya Lithuania. Hilo ni jepesi, sina la kuongeza.

Kuhusu uraia pacha, yaani kuwa raia wa nchi mbili, puuza maandiko ya kabla ya 2016. Zamani aliyeondoka kwa hiari kati ya vita viwili vya dunia aliweza kuambiwa hakukimbia wala hakufukuzwa, kwa hiyo mzao wake achague uraia mmoja. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa: inatosha kwamba aliondoka kabla ya tarehe 11 Machi 1990, siku Lithuania ilipotangaza kurejesha uhuru wake, mradi hakuhamia sehemu nyingine ya Muungano wa Kisovieti. Kura ya maoni ya uraia pacha iliyoshindwa Lithuania Mei 2024 iliwahusu hasa waliohama baada ya 1990. Upande wako, katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu. Watanzania wenzangu mnaosoma hapa, sheria yetu bado hairuhusu mtu mzima, msijiponze.

Mke au mume hapati kwa ndoa tu. Mimi ningetakiwa kuishi Lithuania miaka 7 nikiwa kwenye ndoa na nifanye mtihani wa lugha, kwa hiyo pasi yangu ni ileile ya Tanzania.

Wakala? Anayekudai malipo yote kabla hajauliza mwaka wa kuondoka, mkimbie. Anayetaka kidogo kwa ajili ya utafutaji wa nyaraka tu, mnaweza kuzungumza.

La mwisho ni watoto. Sheria inaishia kwa kitukuu, na watoto wako ni vilembwe. Atakayezaliwa baada ya wewe kuwa raia anapata uraia kwa kuzaliwa, bila kutafuta babu wa mtu. Waliokwisha kuzaliwa, ulizia nafasi yao ubalozini mapema, kabla hawajatimiza 18. Na mzazi wako kama yu hai, aombe pamoja nawe: yeye ni mjukuu, na karatasi ni zilezile.