Kabla ya kumng'oa mwenyekiti, hesabuni kadi

Kila taarifa ya klabu ya soka huanza na "wanachama, wapenzi na mashabiki", kana kwamba wote ni kitu kimoja. Siku ya kutaka kubadili uongozi ndipo tofauti inapojitokeza. Mpenzi anaweza kupiga simu redioni kila asubuhi na kuvaa jezi mpaka ipauke, lakini mwenye kura ni yule ambaye kadi yake iko hai, ada imelipwa. Kwa hiyo kabla hamjabeba bango lolote kwenda Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba, hesabuni kadi.

Kisha katiba. Ile inayozunguka WhatsApp mara nyingi ni rasimu. Tafuteni nakala iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Someni vifungu vitatu kalamu mkononi: nani anaweza kuomba mkutano mkuu wa dharura, akidi ni watu wangapi, na nani anakaimu viti vikibaki wazi. Hicho cha tatu husahaulika, halafu viongozi wakishaondoka klabu inabaki haina hata wa kusaini hundi.

Tuseme ili mkutano huo wa dharura uitishwe katiba inadai theluthi moja ya wanachama hai, na daftari lina 3,000. Mnahitaji saini 1,000. Kusanyeni 1,300. Karatasi zitapitiwa mstari kwa mstari: huyu ada yake iliisha mwezi jana, huyu kwenye kadi ni Juma Ally na hapa kaandika Ally Juma, yule kasaini kwenye matawi mawili. Wakienguliwa 200 bado mnapumua.

Fomu iwe na jina kama lilivyo kwenye kadi, namba ya kadi, tawi, tarehe ya malipo ya mwisho na saini. Ajenda iandikwe juu ya kila ukurasa, si wa kwanza tu, maana atatokea mtu wa kusema alidhani anasaini mahudhurio. Na ajenda iwe ya kushikika: "kupokea hesabu zilizokaguliwa" au "kura ya kutokuwa na imani", kama katiba inairuhusu. "Hali ya klabu" ni soga.

Barua ipelekwe kwa mkono, isainiwe kwenye dispachi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine iende Baraza la Michezo la Taifa. Wakinyamaza, hamkimbilii mahakama za kawaida: taratibu za FIFA na za shirikisho la soka la Tanzania, TFF, zinazikataa kwenye migogoro ya soka, na adhabu inaweza kuwaangukia nyinyi.

Klabu iliyoingiza mwekezaji ina kasheshe zaidi. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa za 2017 zinawaachia wanachama asilimia 51, wawekezaji wasizidi 49, lakini asilimia si funguo za ofisi. Mnaweza kumwondoa mwenyekiti wa upande wa wanachama, mkakuta usajili wa wachezaji ulikuwa ukiamuliwa na bodi ya kampuni inayoendesha timu. Jueni kwanza nani anasaini nini.

Na muda. Anzeni ligi ikishamalizika, barua iwe imegongwa muhuri kabla ya Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ya msimu unaofuata. Mtani akipigwa mbili bila, nusu ya waliosaini watakuja kuomba majina yao yafutwe.